Hatua Iliyorukwa

Mafiga, Morogoro
7 Machi 1999

Mjomba wangu Dadi,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta u mzima, na kikohozi cha mama Salehe kimeshika adabu. Huku hatujambo. Mwanao Salehe kafika salama juu ya ndizi za lori la Bonifasi, suruali imejaa utomvu, na sasa anakula ugali wangu kwa bidii ambayo darasani sijaiona bado.

Umeniagiza nikueleze chuo alichoingia kilivyo. Mjomba, ni ghala. Lilikuwa la kiwanda kilichofungwa, na mkurugenzi wetu, Bwana Severini, ndiye aliyekuwa mtunza stoo wake. Kiwanda kilipokufa akapaka ghala rangi ya bluu, akanunua kompyuta zilizochoka huko zilikotoka, akaandika ukutani "Chuo cha Teknolojia ya Habari". Kuingia chumba cha mashine lazima uvue viatu. Kila mashine imefunikwa kitambaa kilichofumwa maua na mke wa mkurugenzi. Ukiona wanafunzi wanavyonyata na soksi zao zilizotoboka utadhani wanaingia kumwona maiti, na siku za mgao wa umeme hutakuwa umekosea.

Wiki iliyopita umeme haukuwepo, nikaona nifundishe kilichonipeleka Dar kusoma: kufikiri. Nikawaambia, chukulieni mashine ni kipofu. Inachoweza ni kuchukua watu wawili, kuwasimamisha mgongo kwa mgongo na kusema nani mrefu. Basi. Niambieni, hatua kwa hatua, itampataje mrefu kuliko wote humu ndani? Darasa zima likageuka likamnyooshea kidole Castory. Nikasema mashine haina macho. Wakanyoosha tena, safari hii kwa mkazo, na Castory mwenyewe akasimama ili kuondoa shaka.

Salehe wako akaandika jibu kabla ya wote: "Kompyuta ni mashine ya kielektroniki inayopokea data, kuzichakata na kutoa taarifa." Nikamwuliza Castory kaingiaje hapo. Akairudia kwa sauti kubwa zaidi. Bwana Severini, aliyekuwa akipita dirishani, alimpigia makofi.

Msalimie mama Salehe. Mwambie mwanawe analala vizuri, mchana na usiku.

Mpwa wako,
Sabra


Matombo
30 Machi 1999

Mpwa wangu Sabra,

Assalaam aleikum. Idi ya Mfungo Tatu tumeila salama, ingawa mbuzi alikuwa mzee kuliko imamu. Kikohozi cha mama Salehe hakijashika adabu yoyote. Mvua zimeanza, na Bonifasi anasema akikwama Mkuyuni barua hii itafika na ndizi mbivu.

Nimesoma maelezo yako nikacheka hadi miwani ikaanguka. Nilikuwa karani wa ushirika mimi, wakati ushirika ukiwa ushirika, na mizani ikiwa moja kwa wilaya nzima. Leo soko huria: kila ghala linalokufa linazaa chuo, na kila mtunza stoo ni mkurugenzi. Hayo nimeyazoea. Lakini mwalimu wa kompyuta asiyewasha kompyuta, hilo ndilo jipya. Mimi nimempeleka mtoto akaguse mashine, wewe unampima urefu. Kupima urefu hata fundi cherehani wa hapa sokoni angemfundisha, na angemshonea na shati.

Halafu nasikia redioni kwamba mwisho wa mwaka kompyuta zote duniani zitachanganyikiwa, kwa sababu baada ya tisini na tisa hazijui kinachofuata. Mjukuu wa jirani yangu hajaanza shule na anajua kinachofuata. Hiyo ndiyo mashine mnayoivulia viatu?

Kwa upande wa nyumbani: shamba la mama yako kule Bondeni nalilinda mimi, kama nilivyomwahidi dada yangu kabla hatujamzika pale penye kona yake. Mdalasini umekomaa vizuri. Wanunuzi wanapanda mlima na mizani zao za mfukoni wanauliza mwenyewe nani. Nawajibu, mwenyewe yuko mjini anafundisha mashine kulala. Umesahau njia, Sabra? Kila mwaka nakuita kwenye kufyeka makaburi, kila mwaka una mitihani. Wanawake wa ukoo huu mmebaki majina tu.

Mwambie Salehe aguse mashine.

Mjomba wako,
Dadi


Mafiga
2 Mei 1999

Mjomba,

Shikamoo. Ndizi zilifika mbivu kweli, barua ikanata. Pole kwa mvua. Namtumia mama Salehe dawa ya kifua; anywe yeye, asimpe kuku kama ile ya mwaka jana.

Salehe ameshagusa mashine. Aligusa, ikazimika, akairudishia kitambaa chake kwa heshima zote akatoka kinyumenyume.

Kuhusu mwaka elfu mbili, mjomba, mashine haina kosa. Walioiambia kazi yake waliiambia mpaka tisini na tisa, wakaenda kula. Hakuna aliyeuliza, "Na ikipita hapo?" Ndiyo sababu napima urefu. Kuwasha kila mtu atawasha. Nataka kuwafundisha hawa kuuliza swali hilo kabla mambo hayajaharibika.

Lakini swali la kuwafundishia ndilo limenishinda. Kitabu alichoninunulia Bwana Severini kinazungumzia treni mbili zinazotoka miji miwili ya Ulaya, moja ikiwahi na nyingine ikichelewa. Wanafunzi wangu wanaijua reli kutoka Ngerengere. Treni ikiwahi hawaamini, na swali limekufa hapo hapo. Nikajaribu urithi. Nikasema, mtu kafariki, shamba linakwenda kwa nani? Darasa likawaka! Joyce, baba yake ni mtu wa Kagera aliyekuja kufanya kazi kiwandani, akasema, "Kwa mtoto wa kiume, mwalimu, kuna swali hapo?" Watoto wa mlimani wakamzomea. Kwa mara ya kwanza tangu nifike hapa niliona watu wanafikiri, au angalau wanakasirika, na hiyo nayo ni njia.

Basi naomba msaada wako. Wewe ndiye unayeshika mambo ya ukoo wetu, na uliwahi kuandika taratibu za ushirika mpaka wilayani wakazisifu. Niandikie, kwa utaratibu, shamba la ukoo linavyopita kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Niandikie kama unamwelekeza kipofu asiyetujua kabisa, asiyeweza kukisia lolote. Nitawapa darasa waligeuze kuwa hatua.

Na mwaka huu, inshallah, nitakuja kufyeka makaburi. Mitihani safari hii ni Novemba, Septemba sina kisingizio. Nimemkumbuka mama.

Mpwa wako,
Sabra


Matombo
20 Juni 1999

Mpwa wangu,

Assalaam aleikum. Nimechelewa kujibu, nilikuwa na mafua, kisha miwani, kisha wageni. Dawa ya kifua imemsaidia mama Salehe. Kuku mmoja amekufa, lakini kwa mambo yake mwenyewe.

Umeomba utaratibu, nakupa, ili hao watoto wa watu wa kuja wajue kwamba mlima huu ulikuwa na sheria kabla kiwanda hakijawa na paa.

Shamba la ukoo ni la tumbo, si la ndevu. Mama akifa, shamba ni la watoto wa tumbo lake. Wakiwa wadogo, kaka wa marehemu analitunza, na kutunza si kumiliki. Watoto wa kaka huyo hawamo, wao ni wa ukoo wa mama yao, na watapata kwa mama yao kama kipo cha kupata. Tumbo la marehemu likiwa limekwisha, shamba linakwenda kwa watoto wa dada yake. Huo ndio utaratibu. Mengine ni mambo ya wazee, humalizwa kikaoni.

Kuhusu kuja kwako Septemba, usijisumbue. Barabara ni mbovu sana mwaka huu, na wewe una kazi. Makaburi tutafyeka sisi, tumezoea. Tutakuombea dua huko huko uliko.

Salehe anaendeleaje? Sijaona barua yake hata moja. Mtoto anasomea mawasiliano hawezi kumwandikia baba yake.

Wabillahi taufiq.

Mjomba wako,
Dadi


Mafiga
11 Julai 1999

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa kuku. Salehe ni mzima. Anasema hakuandika kwa sababu hajafundishwa "kuandika barua kwa kompyuta", na kalamu kaiacha Matombo.

Utaratibu wako ni mzuri kuliko kitabu kizima cha Bwana Severini. Tuliuandika ubaoni, kila hatua mstari wake, kila mstari swali la ndiyo au hapana. Marehemu ana mtoto? Ndiyo, nenda huku. Hapana, nenda kule. Halafu nikawaambia wauvunje. Wawekeni watu wa kubuni, wa ajabu kadiri mnavyoweza: mama asiyezaa, mtoto mchanga, mapacha. Utaratibu ulihimili kila safari. Nikaona fahari, nisikufiche, nikasema mwenye maneno haya ni mjomba wangu.

Ndipo Joyce akanyoosha mkono. "Mwalimu, je mtoto yupo, mzima, mkubwa, ila anaishi mjini hafiki huko mlimani?" Tukautazama ubao. Hakuna mstari. Mtunzaji anaendelea kutunza mpaka lini? Anampa nani? Joyce akasema, "Sasa hapo si ndipo usanii unapoingilia?" Darasa likacheka. Nikasoma barua yako tena, nikakuta pale pana maneno haya: "Mengine ni mambo ya wazee." Mjomba, siwezi kuiambia mashine kwamba mengine ni mambo ya wazee. Ikifika hapo itaganda, na Bwana Severini ataleta kitambaa.

Tafadhali nijazie. Mwenye shamba akiwa mjini, inakuwaje?

Na jingine. Umesema barabara mbovu sana. Bonifasi anafika hapa kila wiki, hana hata tope kwenye matairi, na jana alikuwa anajisifu jinsi anavyowahi. Nimemwuliza barabara ikoje. Kasema tangu mvua zikate ni mkeka.

Msalimie mama Salehe.

Mpwa wako,
Sabra


Matombo
22 Agosti 1999

Sabra,

Salaam. Tu wazima.

Bonifasi ni dereva wa ndizi, si mhandisi.

Nilikupa mambo ya ukoo kwa heshima, wewe umeyabandika ubaoni yachekwe na watoto wa viwandani. Eti uvunjeni. Wazee walijenga, watoto wa soksi zilizotoboka wavunje! Dada yangu alikupeleka shule ukafutiwe ujinga, wakafuta na haya. Futa ubao huo. Fundisha treni.

Mwambie Salehe aje kabla ya tarehe kumi na mbili Septemba. Nina kazi ndogo naye. Wewe baki na wanafunzi wako.

Dadi


Mafiga
9 Septemba 1999

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Salehe mwenyewe. Nimemfulia suruali. Mama Salehe nimemtumia kanga, na wewe nimekutumia miwani mipya, kwa kuwa naona ile imeanza kukuonyesha tope wakati wa kiangazi.

Sikufuta ubao. Nisamehe kwa hilo. Bwana Severini naye aliniamuru nifute, akidai ubao wa chuo cha kisasa hauwezi kuandikwa makaburi na mashamba. Kwa hiyo mmekubaliana, wewe na mtunza stoo.

Nakuambia lililotokea Ijumaa, na nalieleza kwa utaratibu. Lile pengo la Joyce lilikuwa bado liko pale ubaoni. Nikauliza nani atalijaza. Salehe akasimama. Tangu Machi kijana huyu hajawahi kusimama ila kurudia maana ya kompyuta, na nilidhani ndicho alichotaka. Akavua viatu, sijui kwa nini, tulikuwa darasani na hakukuwa na mashine. Akashika chaki akaandika: "Mwenye shamba asipofika kikao cha kufyeka makaburi, na hakuna mwanamke wa ukoo atakayesema neno, mtunzaji anampa amtakaye."

Nikamwuliza kaitoa wapi kanuni hiyo. Akasema, "Baba aliniambia siku naondoka. Alisema nisome haraka, Septemba kuna shamba."

Darasa halikujua kitu, walikuwa wananakili. Sikusema neno ila lile ninalowaambia kila siku: jaribu. Weka watu. Naye akaweka watu wa kweli, maana uongo hajajua. Akaandika: mwenye shamba, Sabra. Amefika? Hapana. Mtunzaji anampa, na hapo akaanza kuandika jina lake, akaandika "Sa", akasimama. Alisimama pale mpaka Castory akaanza kupiga miayo. Kisha akafuta, akarudi juu ya mstari wake mwenyewe, akaandika mstari mwingine: "Ameitwa? Kama hapana, rudi, mwite." Akachora mshale.

Akageuka. "Mwalimu, uliitwa?"

Nikasema hapana.

Akasema, "Basi haifiki kwangu."

Nimefundisha miaka minne, na hilo ndilo jibu bora nililowahi kupewa, na lilinichoma kama kisu. Nililia nilipofika nyumbani. Mama yangu amelala kwenye kona ya shamba lile. Wewe uliyeniita kila mwaka nisipoweza kuja, mwaka ninaoweza ukaniwekea tope barabarani. Ungeniomba, mjomba! Ungesema mwanangu hana pa kulima, tufanyeje. Mimi si mtu wa kukatalia watu mdalasini. Lakini wewe, mtu wa utaratibu, uliyesifiwa wilayani, umeruka hatua moja tu, na umeiruka ukiijua.

Sikumwambia Salehe aseme wala anyamaze. Akikaa kimya apewe, sitamlaumu, ni mwanao. Nami sitakuja. Sijaitwa.

Mpwa wako, binti wa dada yako,
Sabra


Matombo
3 Oktoba 1999

Sabra,

Salaam aleikum. Miwani imenifaa. Kanga imempendeza mama Salehe, ambaye hasemi nami.

Nakuandikia ili usipate habari kwa dereva wa ndizi kabla yangu, ingawa najua umekwisha kuzipata.

Tulifyeka makaburi. La mama yako nililifyeka kwa mkono wangu, nataka ulijue hilo. Pilau ikaliwa, wazee wakakaa, nikasimama nikaeleza kwamba shamba la Bondeni halina mtu, mwenyewe kalitupa. Nikauliza kama kuna mwanamke wa ukoo mwenye neno. Kimya. Nikashukuru Mungu. Ndipo kijana wangu, damu yangu, niliyetaka nimwache na kitu duniani, akainuka kutoka penye sahani yake, akavua kandambili, akasema mbele ya ukoo mzima, "Baba, aliitwa?"

Nikasema barabara mbovu. Bonifasi alikuwa amekaa mbele kabisa anakula pilau yangu, lori lake linang'aa nyuma yake. Akakohoa. Kikohozi kile kilisikika mpaka msikitini. Mzee mmoja akaanza kucheka, na kicheko cha wazee unakijua, kikianza hakina mwisho. Kikao kikavunjika, watu wakaondoka wanaulizana njiani, "Aliitwa?" Sasa watoto wananiimbia hivyo nikienda kisimani.

Hongera, mwalimu. Nilikupa mtoto anayejua kukariri, umenirudishia anayejua kuuliza. Ungenirudishia mwizi ningeelewa.

Na kwa kuwa unapenda mapengo yajazwe, jaza hili. Mdalasini ule niliupanda mimi baada ya dada yangu kufa. Ulipokuwa Dar unasomea upofu wa mashine, mimi nilikuwa napalilia. Ushirika ulipokufa, mdalasini ule ulikuwa bado ni miti tu, hakuna aliyeutaka. Soko huria limekuja, umekuwa mali, na utaratibu wangu mwenyewe unaniambia mtoto wangu hataubambua kwa haki. Kwa mama yake hakuna shamba, kuna wajomba wengi na jiwe. Mtu akifika umri wangu, hatua nyingine anaziruka kwa sababu miguu imechoka.

Sikuombi radhi. Nakueleza tu.

Dadi


Mafiga
19 Desemba 1999

Mjomba,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Salehe yuko nawe, najua anakusaidia kufuturu. Namtumia mama Salehe tende. Mwambie siku atakayosema nawe anisalimie.

Matokeo yametoka, na nakuandikia mimi kwa sababu yeye haoni kama ni habari. Ameanguka. Watahini walitoka Dar na gari lenye kiyoyozi, wakavua viatu kama watu wengine, wakauliza swali la kwanza, ambalo ukilikosa mengine hayasahihishwi: Kompyuta ni nini? Swali hilo, mjomba! Mwanao alilijua usingizini. Ameandika: "Inategemea imeambiwa nini, na aliyeiambia amesahau nini." Sifuri. Castory aliandika ile ya kukariri, ana cheti chenye muhuri wa dhahabu. Bwana Severini amenipa onyo la maandishi kwa kuharibu mwanafunzi aliyekuwa tegemeo. Kwa hiyo Salehe amekosa shamba na amekosa cheti, vyote kwa swali moja, na mwalimu wake ni mimi. Sijapata kumwonea mtu fahari namna hii, na sijapata kujuta namna hii. Kazi yangu ni ya ajabu.

Huku wamechachawa na mwaka elfu mbili. Bwana Severini atazima mashine zote tarehe thelathini na moja na kuzifunika vitambaa viwili viwili. Padri ameitwa na shehe ameitwa, kila mmoja kwa zamu yake, waje waziombee.

Unaona, mjomba, hata shehe ameitwa.

Niliisoma barua yako mara nyingi. Sikujua kwamba mdalasini ni mkono wako. Ningeliambiwa hilo Machi, barua zote hizi zisingekuwepo. Sina la kujaza pale ulipoacha pengo. Hilo si la kujazwa kwa barua, ni la kukaa watu penye jamvi. Nami siwezi kukaa kwenye jamvi nisiloitiwa. Niko pale pale Salehe aliponiweka, kwenye mshale.

Mpwa wako,
Sabra


Matombo
16 Januari 2000

Mpwa wangu Sabra,

Assalaam aleikum warahmatullah. Idi imepita, mbuzi safari hii alikuwa kijana. Mama Salehe anasema nami, ila kwa mambo ya chumvi tu. Nasikia mashine zenu hazikufa, zimeamka na kuendelea na ujinga wake. Mpe hongera mtunza stoo.

Salehe amenitesa mwezi mzima wa Ramadhani. Adhana ikilia, kila mtu anashika tende, yeye ananitazama: "Baba, ameitwa?" Nikamwambia, mwanangu, umeanguka mtihani, huna shamba, unataka nini tena? Akasema hataki kitu, anataka tu mstari usibaki wazi. Nimeshindwa na mtoto ambaye watahini wamempa sifuri. Kama hiyo ndiyo sifuri, hao wenye muhuri wa dhahabu Mungu awasaidie.

Wazee watakaa tena Jumamosi ya wiki ijayo. Shamba la Bondeni ni lako, nitalisema mimi kwa mdomo wangu, wacheke. Salehe atakuwepo, na mkono wangu uliopanda utakuwepo, na wewe mwenyewe utasema nani abambue na nani asibambue. Nitanyamaza. Nimeanza mazoezi.

Sabra, binti wa dada yangu, unaitwa.

Mvua haijakatika tangu Idi, daraja la chini limeondoka, na lori la Bonifasi limezama Mkuyuni mpaka kwenye taa; barua hii anakuletea kwa miguu. Barabara safari hii ni mbovu kweli. Njoo hivyo hivyo.

Mjomba wako,
Dadi